NANI AMEKUWEKEA DHAMANA?

Kijana mpendwa,

Umepewa karatasi hii uwanjani, au umeiokota barabarani. Usiitupe kwanza. Nina swali moja tu: siku ukikamatwa, nani atakuja kukuwekea dhamana?

Mkiwa mezani mnakunywa, mko kumi. Kila mtu ni mshikaji wako. Lakini ukilala kituoni usiku mmoja tu, hebu hesabu waliokuja asubuhi. Mara nyingi ni mama peke yake, amejifunga kanga, ameshika barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kumbe marafiki ni wengi, wadhamini ni wachache!

Swali hili lilinikamata mimi mwenyewe nikiwa safarini, tena safari ya kanisa.

Mwaka 2019 tulikwenda na kwaya kwenye mkutano wa Injili Nairobi. Tulikuwa na kijana mmoja wa miaka 16, mpiga kinanda, mtoto wa mama mjane. Mama yule alikuja stendi ya Dodoma alfajiri na mfuko wa karanga na ubuyu. Akaniambia, "Mwinjilisti, mimi sihitaji zawadi ya Nairobi. Unirudishie mtoto wangu." Nikajibu haraka haraka, "Mama, usiwe na wasiwasi, yuko mikononi mwangu." Maneno hayo ni rahisi sana kuyasema gari likiwa bado halijaondoka.

Tukapita Kondoa, Babati, Arusha, mpaka Namanga. Pale tangu mwaka 2018 maofisa wa Tanzania na wa Kenya wanafanya kazi ndani ya jengo moja. Ofisa akatazama hati ya kijana na barua ya mama yake, akauliza, "Huyu mtoto yuko na nani?" Nikanyoosha mkono juu: "Yuko na mimi, afande." Nikajiona mtu mkubwa.

Sasa nilimlindaje? Nilimchunga kama mbuzi. Hati yake nilitia kwenye begi langu. Simu nikamnyang'anya. Akiomba kutoka nje, nakataa. Akiuliza kwa nini, namwambia, "We tulia, hapa siyo kwenu." Nilidhani huko ndiko kulinda.

Siku ya tatu tulikwenda River Road kukata tiketi za kurudi. Nikawa nabishana nauli na karani. Kugeuka, kijana hayupo!

Jua linazama, watu wamejaa barabarani, mimi nakimbia huku na huku naita jina lake. Nikafika hadi karibu na lile jengo refu la KICC, hayupo. Sasa nikuambie jambo ambalo kwa muda mrefu niliona aibu kulisema. Katika masaa yale matatu sikuwa namlilia mtoto. Nilikuwa nalilia jina langu. Kanisa litasemaje? Nitapewa tena safari? Nikaanza kutunga maneno ya kujitetea: "Nilimkataza. Mtoto mwenyewe ni mkaidi."

Ndugu yangu, hayo ni maneno ya Kaini! Mungu alipomwuliza habari za mdogo wake, alijibu kwa dharau kwamba kumtunza si kazi yake (Mwanzo 4:9). Mimi nilikuwa na Biblia mkononi, na Kaini moyoni.

Saa mbili usiku nikarudi kwenye ile ofisi ya basi, miguu imechoka. Nikamkuta ameketi kwenye ngazi. Alitaka kuona maghorofa, akapotea. "Kwa nini hukuniomba?" Akasema, "Ningekuomba ungekataa." Kisha akasema, "Mama aliniambia nikipotea nisihangaike, nirudi pale tulipoachana." Nilikuwa nimeinua mkono nimchape. Mkono ukashuka wenyewe.

Usiku ule nilifungua habari za Yuda mwana wa Yakobo. Sisi watu wa Dodoma tunaijua njaa. Wazee wa Ugogo hawakuisahau njaa ya Mtunya iliyowapiga mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Nyumba ya Yakobo nayo ilipatwa na njaa, wanawe wakaenda Misri kuhemea. Safari ya pili iliwabidi waende na mdogo wao Benyamini, na mzee hataki kumtoa. Ndipo Yuda akajiweka yeye mwenyewe kuwa dhamana. Asipomrudisha mtoto, lawama iwe juu yake maisha yake yote (Mwanzo 43:8-9).

Yuda huyu ni nani? Ni yule yule aliyetoa shauri Yusufu auzwe, akauzwa kwa vipande 20 vya fedha (Mwanzo 37:26-28). Mtu aliyeuza ndugu yake! Lakini kule Misri kikombe kilipokutwa ndani ya gunia la Benyamini, Yuda hakusema mtoto ni mkaidi. Alisogea mbele, akaomba abaki yeye awe mtumwa, mtoto arudi kwa baba yake (Mwanzo 44:33).

Hapo nikaiona tofauti. Mimi niliweka masharti, Yuda aliweka mwili wake. Masharti yanahitajika, huwezi kumwachilia mtoto wa watu ugenini hivi hivi. Lakini anayekuchunga ili yeye asilaumiwe, siku ya hatari atakukana. Anayekulinda kweli ni yule aliye tayari kulipa.

Asubuhi nikamwomba msamaha, nikamrudishia simu, tukaenda pamoja kuyaona maghorofa. Tulipofika Dodoma nikamweleza mama yake ukweli wote. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamshika mwanawe mkono, wakaondoka.

Sasa wewe kijana wa Chang'ombe, wa Majengo, wa Makole, unasema, "Mimi mtu mzima, sihitaji wa kunichunga." Sikulaumu. Labda waliokulea walikuchunga kama nilivyofanya mimi, kwa makemeo, kwa ajili ya majina yao. Labda ni watu wa kanisani, ndiyo maana ukakimbia. Lakini mdhamini unamhitaji. Iko siku utasimama mpakani, wala siyo Namanga, na itaulizwa: huyu yuko na nani?

Utasema, "Je, ni haki mtu mmoja alipe deni la mwingine?" Swali zuri. Angelazimishwa, isingekuwa haki. Lakini Yuda hakulazimishwa. Na YESU, aliyezaliwa katika ukoo wa Yuda huyo huyo, hakulazimishwa: aliutoa uhai wake kwa hiari yake (Yohana 10:18). Waebrania 7:22 inamwita mdhamini. Alisogea mbele, akalipa kwa mwili wake pale msalabani.

Ila kumbuka: mdhamini hawezi kumtoa mahabusu mtu anayekataa kutoka. Mlango umefunguliwa. Kutoka ni juu yako.

Umepotea? Usihangaike gizani. Rudi. Hajainua mkono ili akuchape. Sali nami sasa:

"Bwana Yesu, nimepotea. Nimetenda dhambi na siwezi kujilipia. Nakubali wewe uwe mdhamini wangu. Nisamehe, uniongoze, na unifundishe kumlinda mwenzangu kama ulivyonilinda mimi. Amina."

Kama umesali kwa moyo, usikae nalo peke yako. Mwambie aliyekupa karatasi hii, au nenda kanisa la karibu linalohubiri wokovu.

YESU ANAKUPENDA. MUNGU AKUBARIKI.