Yule Mtumwa Alichimba

Wanangu wa kidato cha tano na cha sita, na ninyi mliomaliza mkakaa nyumbani mnangoja mambo yakae sawa, leo nina neno nanyi. Wazazi msifunge ukurasa. Zamu yenu inakuja.

Mfano wa talanta mnaujua. Tumeuhubiri kila msimu wa mavuno mpaka umechakaa. Lakini mmewahi kumtazama vizuri yule mtumwa wa tatu, aliyeifukia talanta aliyoachiwa na bwana wake? Sisi wahubiri humpita haraka: mvivu, basi, tuimbe. Mimi nasema huyu mtu alifanya kazi. Talanta haikuwa sarafu ya kutia mfukoni. Ilikuwa mzigo wa fedha wa kilo 30 na zaidi, wenye thamani ya dinari 6,000, na dinari moja ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku. Pigeni hesabu wenyewe: miaka kama 20 ya jasho la kibarua. Shimo la kuficha kitu cha namna hiyo halichimbwi kwa kijiko. Alitafuta jembe. Alichagua mahali ambapo mbwa hawafukui na watoto hawachezi. Akachimba, akafukia, akasawazisha udongo, akanawa mikono. Ndipo akakaa kungoja.

Nawaona mkichimba! Kijana anachora sura ya mtu hadi unahisi itakusalimia, na michoro yake iko chini ya godoro ili baba asijue kuwa muda wa hesabu umeliwa. Mwingine anafungua redio mbovu ya jirani jioni, asubuhi inaimba, naye akiulizwa anasema aligusagusa tu. Binti anawaacha wavulana nyuma kwenye mbio za wilaya, kisha anaficha medali kwa sababu shangazi amesema kukimbia kutamkosesha mume. Mkiulizwa, mnajibu, "Mimi wa kawaida tu." Mnaliita hilo unyenyekevu. Unyenyekevu wa jembe na shimo!

Njooni mwaone waliofukua. Suleiman Nyambui ni mtu wa Majita, mkoani Mara. Miguu yake ilimfikisha Chuo Kikuu cha Texas, kule El Paso, akalitwaa taji la mita 10,000 la vyuo vya Marekani mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati ya miaka hiyo akaenda Moscow mwaka 1980, akairudishia Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000. Kisha akarudi nyumbani kufundisha na kuongoza riadha. Mike Boit wa Kenya alipata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, lakini hakukubali miguu iende bila kichwa. Alisoma New Mexico, akasoma Stanford, akachukua shahada ya udaktari Oregon, akaja kuwa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2004 yeye na mwandishi wa Kimarekani John Manners walianzisha mradi wa KenSAP, wa kuwashika mkono watoto wenye akili kutoka Bonde la Ufa hadi vyuo vikubwa vya Marekani. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alikuwa kijana wa miaka 15 hivi alipoanza kucheza mpira wa kikapu. Mwaka 2009 alitoka Chuo Kikuu cha Connecticut akiwa mchezaji wa pili kuchaguliwa katika NBA nzima. Na Lupita Nyong'o, kabla dunia haijamjua, alisimama mbele ya watu wageni wa Yale akaigiza, wakampima, wakampokea. Alimaliza hapo mwaka 2012.

Mtasema: hao walizaliwa na nyota. Sawa, walikuwa na kipaji. Lakini hakuna hata mmoja aliyepokelewa kwa sababu moyoni mwake alijijua kuwa anacho. Turudi kwenye mfano. Bwana aliporudi safarini hakuwauliza watumwa wake wanajisikiaje. Alitaka hesabu. Na chuo kinachopokea wenye vipaji maalumu kinataka hesabu vilevile. Usikiandikie kwamba unapenda muziki tangu utotoni. Hata kuku wangu wanapenda muziki. Tuma rekodi. Usiandike kwamba una mbio. Andika dakika na sekunde, uwanja gani, mashindano gani, tarehe gani, na nani aliyeshika saa. Chuo cha MIT kinampa fundi nafasi ya kuonyesha alivyovitengeneza kwa mikono yake, na kinampa mwanamuziki na mchoraji nafasi kama hiyo. William Kamkwamba wa Malawi alisimamisha kinu cha upepo kwa vyuma vya jalalani, baiskeli mbovu ikiwa ndani yake. Kinu kile kilikuwa hesabu iliyosimama wima, watu wakaiona kwa mbali. Mwaka 2014 alihitimu Dartmouth.

Hapa ndipo wengi wenu mnapokimbilia magotini. "Mchungaji, tuombee mlango ufunguke." Nitawaombea. Lakini Mungu ametupa lugha yenye siri: kwa Kiswahili kumsihi Mungu ni kuomba, na kutafuta nafasi ya chuo ni kuomba. Yote mawili yanaitwa maombi. Mnakesha kwa maombi ya kwanza mpaka sauti zinakauka, na maombi ya pili hamjafungua hata ukurasa wake! Vyuo vingi vya Marekani hufunga pazia la kwanza tarehe 1 Novemba na la pili mapema Januari. Uingereza, anayetaka Oxford au Cambridge mwisho wake ni katikati ya Oktoba, na vyuo vyao vya muziki hufunga mapema Oktoba hiyohiyo. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Kati ya Julai na Oktoba kuna nini? Kuna wiki chache, na mkesha hauzirefushi.

"Hatuna pesa." Ndiyo, hatuna, na mimi sihubiri ndoto za bure. Lakini chunguza kabla ya kukata tamaa. Taasisi ya muziki ya Curtis, mjini Philadelphia, haijamtoza mwanafunzi ada ya masomo tangu mwaka 1928. Shule ya uigizaji ya Yale iliondoa ada mwaka 2021. Hiyo ni ada tu. Chumba na chakula vina hesabu yake, uliza. Harvard, Princeton, Amherst na wenzao wachache hawaangalii mfuko wa mwombaji wanapoamua kumpokea, hata akitoka Sengerema, na wakimpokea humjazia pengo la mahitaji yake. Mkimbiaji aelewe pia kwamba vyuo vya kundi la Ivy, kina Harvard na Princeton, havitoi ufadhili wa michezo, wala vyuo vya daraja la tatu la michezo ya vyuo. Huko miguu inaweza kukusogeza mlangoni, ila fedha hufuata hali ya nyumbani kwenu. Tena, ewe mkimbiaji, kabla hujapokea bahasha ya ushindi wa mbio za barabarani, soma kanuni za michezo ya vyuo vya Marekani. Kuna waliojifungia mlango kwa zawadi ya sikukuu moja. Hata ada ya fomu, ambayo kwa chuo kimoja inaweza kupita dola 70, ina msamaha kwa asiye na uwezo. Msamaha huo huombwa. Maombi tena!

Na vishoka je? Hao nawataja kwa hasira. Anakuja na suti, anasema ana mtu wake ndani ya chuo, anataka laki nane za kushikilia nafasi. Mzazi anauza ng'ombe. Barua inayokuja ina nembo iliyokatwa mahali fulani na kubandikwa, na kwenye ubalozi inacheka yenyewe. Nafasi ya chuo haishikiliwi na mtu wa mfukoni. Wengine wanauza insha zilizokwisha kuandikwa. Vyuo vingi vya Marekani vinakupa hadi maneno 650 ya kujieleza; ukinunua ya mtu mwingine, umempeleka yeye wakati unayetakiwa ni wewe. Na kupunguza umri ili uonekane kipaji cha ajabu ni uongo ule ule uliovaa bukta.

Sasa wazazi na walimu, nami nikiwa mmoja wenu, maana dhambi ninayoitaja ni yangu.

Katika kwaya yetu ya vijana kuna binti. Yeye ndiye anayetutungia. Huandika nyimbo kwenye kaunta buku, nota za do-re-mi, sauti zote nne, kwa penseli, akifuta kwa ufutio ulioliwa hadi umekuwa kama punje ya hindi. Mkesha mmoja wa Krismasi umeme ulikatika katikati ya wimbo. Kinanda kikafa. Kanisa likawa giza, watoto wakaanza kulia, besi wakapotea kama kawaida ya besi. Binti akasimama gizani, bila kinanda wala chochote cha kupigia mlio, akatoa mlio wa sauti ya kwanza, akatoa wa pili, wa tatu, wa nne, kila kundi likadaka lake. Wimbo haukuanguka. Umeme uliporudi, akabonyeza kinanda: walikuwa kwenye ufunguo uleule.

Alipokuja kuniomba barua ya kumtambulisha chuoni, niliandika nini? "Ni mtiifu, ana bidii na nidhamu, anashiriki shughuli za kanisa." Barua ambayo ningeweza kumwandikia mbuzi wa mnada. Tena niliichelewesha siku tisa, kwa kuwa nilikuwa na vikao. Vyuo vitano, majibu matano ya hapana. Sijui kama ni barua yangu, lakini najua nilivyolala siku ile. Bwana aliniwekea talanta mbele ya macho, nami nikachukua koleo, nikamsaidia mtoto kuifukia.

Tulianza upya. Safari hii nilieleza usiku ule wa giza, mlio kwa mlio. Alijifundisha nota za mistari mitano, kwani kule do-re-mi yetu ya kaunta buku hawaijui, akanakili nyimbo tatu upya. Rekodi tulifanyia darasani, simu imesimamishwa juu ya matofali mawili. Mara tatu mvua ilipiga bati tukaanza tena. Ya nne jogoo wa jirani aliwika ndani ya kiitikio, tukaiacha, muda ulikuwa umekwisha.

Kisha likaja jambo la jina, na hapa wachungaji wenzangu mnisikilize. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kina jina moja, cheti cha shule kina jingine, na pasipoti ingebeba lipi? Sisi ndio tuliombatiza tukampa jina zuri, shule ikalidaka, na hakuna aliyewaza kuhusu karatasi. Tulihangaika miezi miwili na wakili na hati ya kiapo. Mzazi unayesoma hapa, leo jioni toa vyeti vya wanao kwenye ile bahasha ya kaki, vilaze juu ya meza, fuata herufi moja baada ya nyingine. Pasipoti nayo ni shilingi 150,000, na haipatikani kwa siku moja.

Fedha hiyo tuliipata kwenye mnada baada ya ibada ya pili. Mwenyekiti wa wazee alinunua jogoo, akamrudisha anadiwe tena, akanunuliwa na mama mmoja wa kwaya ya akina mama, naye akamrudisha, mpaka jogoo akauzwa mara sita, na kila mara kwa bei ya juu kuliko kuku yeyote wa wilaya hii. Jogoo mwenyewe ndiye yule aliyewika kwenye rekodi. Mwenye naye alisema ni faini yake.

Maombi yalitumwa tarehe 28 Oktoba, saa nne usiku, na intaneti ya simu ya mweka hazina. Majibu bado tunayangoja. Kwa sasa binti yuko hapa. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni anawafundisha besi wimbo mpya wa Pasaka, na nimeona ameacha kaunta buku la pili wazi juu ya kinanda, ambapo kila mtu anaweza kulisoma.