Donda ni la Nani?

Wako ndugu zetu wenye maradhi ya sukari ambao hugeuza uso pale muuguzi afunguapo bandeji ya mguu. Wasema kazi hiyo ina wenyewe. Neno hilo si adabu, ingawa limevaa kanzu ya adabu.

Sukari ikizidi mwilini kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, mguu ukafa ganzi, na donda likachimba wala mwenyewe asihisi. Uchungu uliokuwa bawabu umekwenda zake. Limebaki jicho: autazame wayo kila siku, hata kwa kioo, aujue usaha, harufu, joto na wekundu utambaao.

Wala sheria haikumsamehe kujua. Atakapo kutawadha yampasa kupima: je, maji yatalidhuru donda? Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii huosha palipo pazima, akapaka maji juu ya bandeji, akatayamamu kwa ajili ya pasipofika maji. Na katika kuuchelea udhara hutegemea ujuzi wake mwenyewe au neno la tabibu mwaminifu. Basi atajibu nini mtu asiyepata kuliona donda lake?

Lakini matabibu nao twawauliza: mmemfundisha? Kumpa mgonjwa dawa na kitambaa, asionyeshwe kuosha na kufunga kwa mikono yake, kisha alaumiwe mguu ukikatwa, hiyo ni dhuluma. Na asiyeweza kuinama, au macho yamemwishia, afundishwe mtu wa nyumbani mwake, mbele yake, naye akisikia.