Gia Nne za Rivasi



Kombi za zamani za Volkswagen, zile zilizoundwa hadi 1967, zina gia ndogo za ziada kwenye magurudumu ya nyuma. Zinaipa gari nguvu ya kubeba mzigo, lakini pia zinageuza upande wa mzunguko. Sasa fundi akichukua giaboksi ya Beetle na kuifunga kwa Kombi hivyo hivyo, injini itawaka na kila mtu atafurahi. Lakini akiweka gia ya kwanza, gari inarudi nyuma! Gia nne za rivasi, moja tu ya kwenda mbele.

Ndugu yangu, wengi wetu tumeokoka hivyo. Umehamia kanisa jipya, umeingia kwaya, umenunua Biblia kubwa. Lakini mshahara ukiingia, unabeti karo ya watoto. Mama watoto akiuliza, unafoka. Bidii inaongezeka, nyumba inarudi nyuma.

Dawa si kukanyaga mafuta zaidi. Fundi hufungua giaboksi na kuhamisha ile gia kubwa ya difu upande wa pili. Hiyo ndiyo toba: kugeuzwa ndani. Soma Ezekieli 36:26. Mungu anaahidi moyo mpya, si rangi mpya.

Wiki hii, kabla hujaomba Mungu akupeleke mbele, keti na mwenzako umwambie ukweli kuhusu hizo pesa. Mruhusu Bwana afungue ndani. Amina.