Andika Yanayokungoja

Huenda mwili wako ndio umeamka sasa hivi, lakini akili ilitangulia tangu alfajiri. Ada ya mtoto, mgonjwa wa kwenda kumjulia hali, simu ya bosi ambayo hukuipokea jana. Yote yanataka kusikilizwa kwa wakati mmoja.

Akili hung'ang'ania jambo ambalo halijakwisha. Hulirudia tena na tena, ikiogopa lisije likasahaulika. Ndiyo maana kuiamrisha inyamaze hakusaidii. Inataka kwanza uhakika kwamba jambo limewekwa mahali.

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha jaribio la vijana 57 waliolala kwenye maabara ya usingizi. Kabla ya kulala, kila mmoja aliandika kwa dakika 5: wengine mambo waliyokwisha kuyamaliza, wengine yale yanayowangoja. Walioandika yanayowangoja ndio waliowahi kupata usingizi, kwa wastani wa dakika 9 hivi. Na kadiri walivyoyaeleza kinagaubaga, ndivyo walivyowahi zaidi. Ungedhani kuyaandika kungewazidishia wasiwasi!

Basi asubuhi hii nawe chukua karatasi, hata nyuma ya risiti. Usiandike "ada" ukaishia hapo. Andika: Ijumaa saa 4 nitamwona mhasibu wa shule, nimwombe nilipe nusu. Na lile lililo nje ya uwezo wako, ugonjwa wa mama kwa mfano, liandike pia, kisha uliombee. Halitakwisha leo, na si kosa lako. Karatasi iweke mfukoni. Jioni utaongeza ya kesho.