Nguo ya Kukulia

Swali ambalo marafiki huniuliza mara kwa mara, pengine kwa kuwa shati langu moja wamelizoea tangu mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza, ni hili: nguo nzuri ya kudumu inauzwa wapi? Wanataka jina la mtaa na, ikiwezekana, namba ya kizimba. Mimi nasoma shahada ya umahiri katika falsafa hapa Dar es Salaam, na nyumbani hunitania kwamba kazi tunayofundishwa ni kumjibu anayeuliza njia kwa kumuuliza kwanza kwa nini anakwenda. Leo nitaanza kwa kujibu swali kama lilivyoulizwa. Ni swali halali la mtu mwenye pesa kidogo.

Nenda Karume, Ilala, asubuhi mapema belo zinapofunguliwa. Belo la kawaida lina kilo 45, na aliyelinunua amelinunua bila kuona ndani. Anajua tu kwamba ni mashati ya kiume, au sketi, au nguo za watoto. Kamba zikikatwa, wenye macho huwahi zile bora, ambazo zitapigwa pasi na kutundikwa kwenye henga. Zinazobaki hushuka bei kadiri jua linavyopanda, mpaka jioni zinamwagwa chini na kijana anaimba bei juu ya lundo. Ukipata shati, usilitazame usoni kwanza. Ligeuze ndani nje. Angalia kama mshono umekunjwa mara mbili na kupigwa nyuzi mbili, kama ule wa mguuni mwa jinzi, au umepigwa ovaloki tu na kuachwa. Vuta kidogo pande mbili za mshono. Ukiona mwanga katikati, lirudishe. Angalia pindo: likiwa pana, ujue aliyekata hakubania kitambaa. Kama ni shati la mistari, tazama kama mistari ya mfuko inakutana na ya kifuani. Mshonaji aliyehangaika na jambo dogo kama hilo, kwa kawaida amehangaika na mengine pia.

Jibu langu la kwanza ni hilo, na ninaliamini. Mtumba una sifa moja ambayo nguo mpya haiwezi kuwa nayo: umekwisha kupita majaribuni. Umefuliwa, umevaliwa, umekaa kabatini kwa mtu, umebanwa kwenye belo na kuvuka bahari, na bado una vifungo vyake vyote. Kola ambayo ingekunjamana imekwisha kukunjamana. Rangi ambayo ingetoka imekwisha kutoka, huko huko, kwenye mashine ya mtu mwingine. Anayenunua nguo mpya kwa bei ile ile anapewa maneno ya muuzaji. Anayenunua mtumba anapewa ushahidi. Kizuri chajiuza.

Tena uchaguzi huu si mgeni kwetu. Katika karne ya 19, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichofumwa viwandani Massachusetts kililetwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem, na kutoka pwani kikabebwa na misafara mpaka bara. Watu walikiita merikani. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said uliwekwa mwaka 1833, na kwa miongo kadhaa kitambaa hicho kilikuwa karibu sawa na fedha: kilinunua chakula, kililipa hongo ya kupita, kililipa wapagazi. Vitambaa vingine vilikuwepo, lakini wanunuzi wa huku walikitaka hicho kwa uzito na uimara wake, na mfanyabiashara aliyeleta kitu tofauti alijikuta na mzigo usiotoka. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameonyesha jinsi matakwa ya walaji wa Afrika Mashariki yalivyofika mpaka kwenye viwanda vya mbali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861 na pamba ikaadimika, vitambaa vya kutoka kwingine vilichukua nafasi ile, lakini jina merikani likabaki. Babu zetu walijua kugeuza nguo ndani nje.

Nikifika hapo kwenye maelezo yangu, rafiki yangu mmoja anayesoma uchumi hunikatiza. Yeye hasemi kwamba mtumba ni mbovu. Anasema ni mzuri kwa gharama ya mtu ambaye simwoni. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma Mutex. Tunalima pamba Simiyu na Shinyanga, na sehemu kubwa yake tunaiuza nje ikiwa pamba nyuzi, kabla haijawa hata uzi wa kushonea kifungo. Kisha tunanunua mashati ya watu wengine kwa kilo. Kila shati langu la Karume, anasema, ni kura dhidi ya mfumaji wa Mwanza.

Nimelifikiria sana shtaka hilo, na nadhani limechanganya mambo mawili. La kwanza ni la chanzo. Viwanda vyetu vilikuwa vikiumwa kabla mtumba haujamwagika sokoni: katika miaka ya 1980 vilikosa vipuri, umeme wa uhakika na fedha za kigeni. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya muongo huo, mtumba ulimkuta mgonjwa kitandani. Huenda ulimmaliza, lakini si wenyewe uliomwambukiza. La pili ni la uwezo. Kura ni ya mtu mwenye karatasi zaidi ya moja mbele yake. Mwenye shilingi elfu tano na usaili wa kazi kesho asubuhi hapigi kura; anatafuta shati.

Lakini kuna kitu kwenye shtaka lile ambacho hakijibiwi na hayo, na ndicho kinachonisumbua. Tuna methali kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Mtumba tunaununua kwa pesa zetu, kwa hiyo kisheria hatujaazima chochote. Kimaadili, hata hivyo, uimara wake tumeuazima. Ulitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine, kwa matakwa yake, na sisi tumeupata kwa sababu yeye alichoka mapema. Anayeazima hutegemea tabia ya mwenye mali.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, na nafasi ya nchi zetu katika mpango wa AGOA, ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, ikawekwa mezani. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda iliendelea, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye mpango huo. Kutoka merikani hadi hapo ni safari ndefu: zamani mnunuzi wa pwani aliweza kuikataa shehena na muuzaji akarudi kubadilisha, safari hii, kukataa kulionekana kosa.

Na tabia ya mwenye mali imekwisha kubadilika. Wauzaji wa Karume watakuambia bila kuulizwa kwamba belo la leo si la zamani. Kule yanakotoka mashati haya, watu wanazidi kununua nguo za bei ya chini zilizoshonwa haraka, nyingi za poliesta, na kuziacha baada ya kuzivaa mara chache. Sifa niliyoisifia mtumba hapo juu, kwamba umepita majaribuni, inategemea kuwepo kwa majaribio. Shati lililovaliwa mara tatu kisha likatupwa halijathibitisha lolote. Chujio letu lipo Ulaya na Marekani, na matundu yake yanapanuka bila sisi kuulizwa. Hasara ya kwanza humwangukia mwanamke aliyelipia belo lililofungwa, halafu akakuta nusu yake ni nguo za kufagia.

Jibu langu la pili nililipata kwa sare ya shule. Tangu mwaka 2016 mdogo wangu na wenzake wanasoma shule ya serikali bila ada, lakini sare bado ni ya mzazi. Alipoingia kidato cha kwanza, mama alimnunulia suruali ya dukani, ya bluu ya giza, kwa shilingi elfu kumi na tano. Kabla ya likizo ya Juni mshono wa nyuma ulikuwa umefumuka mara mbili, na magotini kitambaa kilikuwa kimeanza kung'aa kama karatasi iliyopakwa mafuta. Mama alikwenda kulalamika. Muuzaji akamwambia mtoto anacheza sana. Mtoto wa miaka kumi na minne anacheza sana, ndiyo, na mwenye duka la sare alipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo.

Nilijitolea kulipia ya pili, na tukampeleka kwa fundi wa mtaani kwetu, mzee mwenye cherehani moja barazani. Alimpima, akamtazama miguu, akasema, "Huyu bado anakwenda juu." Akataja bei: elfu ishirini na nane, kitambaa juu yake. Mama alishusha pumzi. "Fundi, hiyo hela naitoa wapi kwa mkupuo?"

Hapo ndipo palipokuwa na falsafa yote. Tunapenda kusema rahisi ghali, na hesabu inakubali: suruali mbili za elfu kumi na tano ni elfu thelathini. Lakini mwenye elfu kumi na tano leo hawezi kuvaa akiba ya mwakani. Anayemhubiria maskini anunue kitu bora anamlaumu kwa kukosa kile hasa anachokikosa, yaani fedha ya kutangulia. Kama ubora ni wema, ni wema wenye kiingilio mlangoni, na mimi siuamini wema wa namna hiyo.

Fundi hakuwa na nadharia. Alisema, "Lete kumi sasa, nyingine utamalizia kidogo kidogo. Si mpo hapa hapa?" Kisha akamweleza mama atakachofanya: pindo la sentimita kumi kila mguu, kitambaa cha ziada kwenye mshono wa nyuma ili kiuno kiweze kufunguliwa, na kipande cha pili ndani ya magoti. "Hii ni ya kukulia. Mlete Januari niishushe."

Kila nguo ya kukulia imeshonewa mwili ambao haujafika. Aliyeikata amekubali kwamba kutakuwa na mwakani, kwamba mtoto atakuwepo, kwamba yeye mwenyewe atakuwepo na cherehani yake, na kwamba watakutana. Huo ndio uimara ambao siwezi kuupata kwenye belo, hata belo likiwa zuri namna gani, kwa sababu aliyeshona shati la belo hakutegemea kuniona. Na ndio uimara uliomwezesha mama kulipa: mkopo wa elfu kumi na nane usio na karatasi, uliosimama juu ya maneno "mpo hapa hapa". Tulidhani tunatafuta kitu cha kudumu. Tulichokuta ni ujirani uliodumu, na suruali ikatoka humo.

Kwa hiyo marafiki wakiniuliza wapi, siku hizi nawajibu kwa kuwauliza wanamjua fundi gani. Karume bado naenda. Sioni aibu, na sidhani kwamba kuacha kwangu kungewasha hata taa moja ya kiwanda. Ila nimejiwekea kanuni mbili. Nikipata shati litakalonifaa miaka minane, sipatani bei mpaka muuzaji abaki na mifupa. Januari 2022 moto uliteketeza soko lile; watu walioniuzia vitu vya kudumu waliamka na majivu, na ni haki sehemu ya miaka ninayoipata kwenye shati irudi kwao. Kanuni ya pili ni kwamba fedha ninayookoa sokoni naipeleka barazani: kugeuza kola iliyochakaa, kubadilisha zipu, kupunguza kiuno. Shati langu maarufu limegeuzwa kola mara moja, na aliyeligeuza ni mzee yule yule.

Rafiki yangu wa uchumi anasema hilo halijengi viwanda. Ni kweli. Mafundi wa baraza moja hawawezi kufuma kitambaa, na kile cha suruali ya mdogo wangu, nilipouliza dukani, kilitoka China. Swali la Mwatex linawahusu watu wenye kalamu kubwa kuliko yangu, na ningependa walijibu kabla mzee hajachoka macho. Mimi nimejibu sehemu iliyo ndani ya mkono wangu.

Januari hii tulimrudisha mdogo wangu. Fundi alifumua pindo, akapiga pasi, akashona upya bila kudai kitu. Pale lilipokuwa pindo, kitambaa ni cheusi zaidi kwa sababu jua halikukifikia, na mdogo wangu analalamika kwamba wenzake wataona. Wataona kweli. Ndani zimebaki sentimita tano.