Haki ya Mke Angojeaye Visa

Ndugu zetu Waislamu,

Wako waume wa Gesima na Nyamira walioko Marekani, na wake zao wamebaki huku wakingojea visa. Mke wa raia wa kule hafungwi na idadi ya mwaka. Mke wa mwenye kibali cha ukaazi tu hufungwa na idadi hiyo, hata kungoja kwake kukaweza kufika miaka. Na ombi likisha kukubaliwa, hati hukaguliwa tena kule, ndipo mke aitwe kuhojiwa Nairobi.

Foleni hiyo haimo mkononi mwa mume, nasi hatumlaumu kwayo. Lakini je, na matumizi ya mke yangoje foleni? Hasha! Imepokewa kuwa Sayyidna Omar, alipotambua uchungu wa mke ambaye mumewe yuko vitani, aliwawekea askari muda wa kuwa mbali na wake zao. Ikiwa vita havikufuta haki ya mke, ofisi itaifutaje?

Basi twawanasihi waume: leteni matumizi kwa wakati wake, semeni kweli ombi limefika wapi, na mwenye uwezo aje amwone mkewe. Nanyi mawalii, andikisheni ndoa kama itakavyo sheria ya mwaka 2014, kwani mke asiye na cheti atahojiwa kwa ushahidi gani? Na mke akisema amechoka, asitukanwe. Mlango wa kadhi u wazi kwake.

Subira ni ya wawili, si ya mke peke yake.

Wabillahi taufiq.