Mtu si Bidhaa: Maneno juu ya Michezo ya Biashara ya Jangwani

Wanazuoni wa zamani, walipoulizwa khabari ya michezo ya ubaoni, walikuwa wakitazama kwanza mambo mawili. La kwanza: je, mchezo huo unakwenda kwa dado au kwa akili? La pili: je, iko mali ya mtu inayoliwa na mwenziwe bila ya haki? Kwa ajili ya hayo wengi wao waliikataza nardi, mchezo wa Waajemi uendao kwa dado. Ama sataranji, walikhitilafiana juu yake. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, ilihisabiwa kuwa ni makuruhu, maadamu haina kamari wala haimsahaulishi mtu sala yake. Mizani hiyo ni ya haki, wala haikupitwa na wakati. Lakini uko mchezo mmoja ambao, ukipimwa kwa mizani hiyo peke yake, hutoka safi. Na juu ya hayo umeacha swali zito kuliko la dado.

Katika nchi za Ulaya mna watu ambao kazi yao ni kubuni michezo ya ubaoni, na baadhi yao wamependa kuivika michezo hiyo mavazi ya Uarabuni na Uajemi. Mwaka 1998 Reiner Knizia, Mjerumani, alitoa mchezo wa misafara ya ngamia inayoshindania maji ya jangwani. Mwaka 2006 Sébastien Pauchon alitoa Yspahan, mchezo wa wafanya biashara wa mji wa Isfahan. Na mwaka 2014 Bruno Cathala, Mfaransa, alitoa Five Tribes, maana yake Makabila Matano, na huo ndio unaokusudiwa hapa.

Nchi ya mchezo huo ni usultani wa kubuni uitwao Naqala, katika dunia ya hadithi za Alfu Lela Ulela. Huchezwa na watu wawili hata wanne. Ubao wake ni vigae 30, na juu yake hupangwa vipande 90 vya mti vyenye umbo la mtu: mawaziri, wazee, wafanya biashara, wajenzi na wauaji. Mchezaji huchukua vipande vyote vilivyo juu ya kigae kimoja, akaviacha kimoja kimoja njiani, mfano wa mcheza bao agawavyo kete zake shimo kwa shimo. Hauna dado, na sarafu zake ni za mchezo tu, hapana arudiye nyumbani na mfuko mtupu.

Soko la Naqala lina karata 54. Katika hizo, 36 ni za bidhaa: pembe, vito, dhahabu, hariri, viungo, karatasi za mafunjo, samaki, ngano na vyungu. Zile 18 zilizobaki, katika chapa ya kwanza, zilikuwa za watumwa. Mtumwa alipatikana sokoni pamoja na samaki na vyungu. Kisha mchezaji akamtoa ili mjenzi wake apate faida zaidi, au muuaji wake afike mbali zaidi, au akamtoa pamoja na mzee mmoja kuwa ndiyo bei ya kumpata jini. Akiisha kutumika, karata yake hutupwa. Wako wachezaji waliochukizwa na jambo hilo wakalisema, na katika chapa zilizofuata wenye mchezo waliziondoa karata za watumwa, wakaweka za mafakiri.

Wenye kuitetea chapa ya kwanza walikuwa na hoja mbili, na zote zastahili kusikilizwa. Hoja moja yasema kwamba hiyo ndiyo khabari ya kweli ya zama zile, na kuificha ni kusema uwongo. Hoja ya pili yasema kwamba huo ni mchezo tu. Mbona wauaji wameachwa, wala hapana aliyewalilia waliouawa?

Ama hoja ya kwanza, ukweli wake hauna shaka, na mtu wa pwani ndiye wa mwisho wa kuukana. Misafara iliyotoka bara ilileta pembe na watu kwa njia moja, na daftari moja liliandika vyote viwili. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa ila mwaka 1873, zama za Seyyid Barghash. Lakini karata ile haikusema ukweli wote. Ilisema alichopata mnunuzi. Haikusema alichopoteza aliyenunuliwa. Khabari isimuliwayo na mwenye mfuko peke yake ni nusu ya khabari, na nusu ya khabari yaweza kupotosha kuliko uwongo mtupu, kwa kuwa husadikiwa.

Ama hoja ya pili, jawabu lake li katika jina. Muuaji katika mchezo huitwa muuaji; jina lake limebeba kitendo chake, na kila amtumiaye ajua kwamba ameua. Mtumwa hakuwekwa hivyo. Aliwekwa katika safu ya bidhaa, kana kwamba ameota shambani pamoja na ngano, wala hapana mtu aliyemtia utumwani. Hapo ndipo penye khatari. Mkono hauingii dhambini kwa kushika karata, lakini moyo huzoea, na moyo ukizoea kuuliza, "Nitapata ngapi?", bila ya kuuliza, "Ni nani anayelipa?", mazoea hayo hayabaki ubaoni. Hutoka yakaenda dukani, na shambani, na kwa mtumishi wa nyumbani.

Basi je, kubadilisha karata kulitosha? Kulikuwa jambo jema, lakini msomaji na atazame vizuri. Fakiri aliyewekwa mahali pa mtumwa hufanya kazi ile ile: hutolewa ili mjenzi apate zaidi, hulipwa kwa jini, kisha hutupwa. Jina limebadilika, hisabu haikubadilika. Na tena fakiri, kwa Kiarabu, ni masikini. Katika aya ya 60 ya Suratu Tawba yametajwa mafungu manane ya wanaostahili zaka, na wa kwanza wao ni mafakiri, na baadaye wametajwa walio katika utumwa. Ajabu ni kwamba wenye mchezo walimtoa mmoja wa hao wanane wakamweka mwingine, na wote wawili ni watu waliofaradhiwa kupewa, si watu wa kulipwa kama bei.

Jambo hili si geni. Mwaka 1897 Seyyid Hamoud alitoa amri ya kuuondoa utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba, na pwani ya Kenya ukaondolewa mwaka 1907. Jina liliondoka, lakini wengi walibaki katika mashamba ya karafuu ya mabwana wale wale, wakifanya kazi ile ile kwa ajili ya kukaa katika kipande cha ardhi. Amri ilifungua mlango. Kumwona aliyetoka mlangoni kuwa ni mtu na si mkono wa kazi, hilo amri haikuweza kulifanya. Hilo ni la moyo wa kila mtu.

Kwa hiyo mizani ya zamani yahitaji jiwe la tatu. Baada ya kuuliza juu ya dado na juu ya mali, na iulizwe: mchezo huu wamfunza mtu kumhisabu nani kuwa ni kete? Mwenye kucheza na acheze, maadamu hapotezi sala wala haki ya mtu. Lakini Siku ya Hisabu hataulizwa juu ya watu wa mti wa Naqala. Ataulizwa juu ya mpagazi wake, na mpishi wake, na kila aliyemfanyia kazi akaondoka hana kitu. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.